UZI: Bibi wa Kizungu aliyenisimulia kazi yake ya jeshi la majini, Kilindini 1942

BintiTononoka

Wadau salaam. Juzi kwenye uzi mmoja humu ndani watu walikuwa wanabishana kuhusu Mombasa na Vita Kuu ya Pili, mmoja akafunga mjadala kwa kusema kwetu palikuwa pa meli kutia maji na kuondoka. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe. Basi nimekuja na wangu. Nitaandika kwa vipande, maana nina zamu jioni.

Mimi mzaliwa wa Mombasa. Miaka ya 2000 nilikuwa Uingereza, nafanya kazi ambayo wengi wetu tunaanzia tukifika kule: kulea wazee majumbani. Unapewa orodha ya nyumba, kwa huyu asubuhi, kwa yule mchana. Kuogesha, kuvisha, dawa, chai, unapiga sahihi kwenye daftari unaondoka. Mmoja wa wazee wangu alikuwa bibi aliyezaliwa 1921, mjane, akili kali kama wembe. Miguu ndiyo iliyomkatalia.

Aliponiuliza kwetu wapi nikamwambia Kenya. Kenya wapi? Mombasa. Nikangoja yale ya kawaida, hoteli na simba. Yeye akauliza: "Ile shule ya Wahindi inayotazama bahari bado ipo?"

Kila aliyekulia kisiwani anaijua Allidina Visram. Nilidhani labda alikuwa mwalimu pale, au mke wa afisa wa serikali. Akasema hapana, alikuwa jeshini. Jeshi la majini. Nikacheka kidogo, nikamvalisha soksi ya pili, nikaaga. Kazi ina saa zake.

Nilimwita Bibi. Ofisi ilitaka tuwaite wazee kwa majina yao ya kwanza, lakini mtu wa umri wa nyanya yangu nimwite jina kavu namna gani? Yeye alifurahi. Alisema Mombasa walikuwa wakiitwa "memsahib" asubuhi hadi usiku, na yeye alikuwa msichana wa miaka 21 asiyejua hata kukaanga yai.

Jina lake silitaji. Ameshafariki, watoto wapo.

---

Mchokozi

Hii chai, tena ya maziwa. Mwanamke jeshi la majini mwaka 1942? Mombasa? Ungemwuliza kama aliyaona yale mapembe ya ndovu ya bandia juu ya Moi Avenue tujue moja.

---

MwanaMajengo

Mchokozi hebu tulia mtu amalize. Natia nanga hapa. Dada endelea.

---

BintiTononoka

Mchokozi, hilo la mapembe nilimwuliza, na kwa sababu hiyohiyo yako. Hakuyajua kabisa. Mapembe yaliwekwa miaka ya 1950, na barabara yenyewe wakati wake ikiitwa Kilindini Road. Angeniambia aliyaona ningejua ananipiga chenga. Alichokikumbuka ni daraja la Nyali lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, unalipa ndipo uvuke. Hili la sasa ni la 1980.

Kuhusu wanawake: Waingereza walikuwa na tawi la wanawake la jeshi la majini tangu 1917, likavunjwa 1919, likaundwa upya 1939 vita vilipokaribia. Walijulikana kama Wrens. Tangazo la kuwaita lilikuwa wazi: ingia wewe, umwachie mwanamume nafasi ya kwenda melini. Kufikia 1944 walikuwa karibu 74,000. Walikuwa makarani, wapishi, madereva, mafundi wa topido, yaani makombora ya kuzamishia meli, wapiga simu ya upepo. Wengine waliendesha mashua za bandarini na suruali zao pana za kibaharia. Ila kwenye manowari hapana. Mshahara wao ulikuwa chini ya wa wanaume, na alama za cheo kwenye sare yao zilikuwa za buluu, si za dhahabu kama za wenzao. Bibi alikuwa na nembo moja ya buluu ndani ya boksi la sindano na nyuzi. Siku moja nikitafuta kifungo nikaikuta, nikaishika. Uzi wake umefifia, pembeni kuna shimo la nondo. Akasema irudishe, hiyo haishoni kitu.

Sasa kwa nini Mombasa. Desemba 1941 Wajapani wanaingia vitani, Februari 1942 Singapore inaanguka. Waingereza wanarudisha meli zao Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Aprili 5, Jumapili ya Pasaka, ndege za Wajapani zinaipiga Colombo, na siku hiyo hiyo zinazamisha manowari mbili, Dorsetshire na Cornwall. Aprili 9 ni zamu ya Trincomalee, na Hermes, manowari ya kubeba ndege, inakwenda chini. Admeri Somerville, mkuu wa meli hizo, akaona pale hapakaliki. Kikosi chake cha meli cha Mashariki kikahamia kwetu, bandari ya Kilindini. Na pamoja na meli wakahama watu wasiopigana na yeyote, watu wa karatasi na hedifoni.

Hao ndio wenyewe. Walikuwa tawi la mbali la Bletchley Park, pale Uingereza palipokuwa panafumbuliwa mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Tawi hili lilianzia Hong Kong, likaenda Singapore, likakimbilia Colombo, na mwanzoni mwa Mei 1942 likashuka Mombasa. Wakapewa Allidina. Madarasa yakawa ofisi za kuvunja misimbo ya jeshi la majini la Japani. Ndiyo, shule yetu.

Aliyesema tulikuwa pa kutia maji anisamehe.

---

NahodhaPemba

Aisee. Nimesoma Mombasa miaka minne na sijawahi kulisikia hili. Sehemu ya pili tafadhali.

---

BintiTononoka

Sehemu ya pili. Watoto wamelala.

Bibi hakuwa mfumbuaji, alikuwa msikilizaji. Aliingia jeshini 1940, akafundishwa Morse, zile alama za vitone na vistari za kutumia ujumbe, baadaye akafundishwa Morse ya Kijapani, ambayo ina alama karibu mara mbili ya ile ya Kiingereza kwa sababu wenyewe wanaandika kwa silabi. Mombasa alikuja kwa meli kwa njia ndefu ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, maana Mediterania ilikuwa haipitiki. Kilindini aliwakuta wasichana waliomtangulia, wale waliopelekwa Singapore mwaka 1941 na kuhamishwa mara mbili kabla ya kufika kwetu. Alisema walikuwa wamemzidi umri kidogo tu lakini aliwaogopa kuliko maofisa.

Kazi yenyewe ni hii. Unaingia zamu, hedifoni masikioni, penseli mkononi. Mjapani yuko Java huko au Singapore anapiga, wewe unaandika. Kijapani hukijui, maana huijui, ni alama mafungu kwa mafungu, ukurasa baada ya ukurasa. Ukikosa alama moja unaacha nafasi. Kubahatisha ni marufuku, na hapo alikuwa mkali hata akinisimulia mimi: alama iliyokosekana mfumbuaji anaweza kuizunguka, alama ya kubahatisha inamharibia hesabu nzima naye hajui imeharibikia wapi.

Shida ni kwamba Kilindini ilikuwa mbali mno na vita. Sauti zilifika zimechoka, nyingine hazikufika kabisa. Meli kubwa zenye mitambo ya nguvu zilisikika, ndogo ndogo zikapotea. Na masika ndiyo yaliyowatesa. Radi ikipiga hata kama iko mbali, inaingia kwenye simu ya upepo kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, na chini ya mchanga huo kuna Mjapani mmoja anapiga vitone. Jasho linajaa ndani ya hedifoni, ngozi nyuma ya masikio inatoka malengelenge, mnapakana poda. Usiku mbu wanakula vifundo vya miguu, na mkono wa kuwapiga huna, mmoja una penseli na mwingine uko kwenye kitufe cha kutafutia sauti.

Sikio lake la kushoto halikupona. Nakumbuka siku nilikuwa namchana nywele, redio ya jikoni ikahama stesheni ikaanza kuchemka. Bibi akainua kidole ninyamaze. Akageuza kichwa, sikio zima la kulia likaelekea jikoni, macho kafumba. Nikasimama na chanuo juu. Baada ya muda akasema, "Hakuna kitu. Zima."

Waliyoyavumilia yalizaa matunda. Kulikuwa na msimbo unaoitwa JN-40, wa meli za mizigo za Japani. Wafumbuaji walikuwa wakiuhangaikia kwa njia isiyo yake, wakiamini umefungwa kama ile misimbo mikubwa ya manowari. Septemba 1942 Mjapani mmoja akafanya uzembe: ujumbe uleule ukarushwa mara mbili, mara ya pili umeongezewa maneno. Wafumbuaji wawili wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakaziweka karatasi mbili pamoja wakaona kufuli limekaaje. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma kila kitu cha JN-40, cha nyuma na kinachoingia siku hiyo. Wiki mbili zilizofuata wakavunja misimbo mingine miwili. Kuanzia hapo meli ya Japani ikipakia askari au mafuta, njia yake inajulikana Mombasa kabla haijafika iendako.

Mchokozi, haya ya JN-40 si yeye aliyenieleza. Haya yamo vitabuni sasa. Yeye alikuwa hajui! Alikabidhi karatasi, ikapelekwa madarasani kwa wakubwa, basi. Hakuambiwa zilikuwa na nini wala kama zilisaidia. Aliyajua baada ya miaka ya 1970, serikali ilipoanza kulegeza midomo ya watu, akasoma gazetini kama mtu mwingine yeyote. Kabla ya hapo alikuwa amesaini karatasi ya siri na akaishika. Marehemu mumewe alijua mkewe alikuwa karani Afrika.

---

Mchokozi

Sawa, nimeishusha birika kwanza. Lakini swali la haki: huyu Bibi wako aliwaona Waswahili lakini? Au Mombasa yake ilikuwa hedifoni na ufukwe wa Nyali?

---

MwanaMajengo

Swali zuri na mimi naongezea. Babu yangu alikuwa kuli Kilindini vita vyote vile. Meli zikiingia kwa misafara wanapakua mchana na usiku. Bei za vyakula na kodi za vyumba Majengo zikapanda hazishikiki, mshahara palepale. Ndiyo yaliyozaa mgomo mkubwa wa Januari 1947, wa akina Chege Kibachia, mji wote ukasimama. Hayo Bibi aliyaona?

---

BintiTononoka

Aliona kidogo sana, na sitampamba. Nilimwuliza aliwajua Waafrika gani, akanitajia mpishi, dobi na bawabu wa usiku. Majina ya wote watatu alikuwa ameyasahau. Jina la mbwa wa afisa mmoja alilikumbuka. Nilipomtazama alielewa, akaona haya, tukanywa chai bila maneno.

Lakini bawabu alimkumbuka kwa jambo. Wasichana wakitoka zamu ya usiku wa manane, yeye ndiye aliyewasindikiza na taa hadi mabwenini, na njiani akiwafundisha maneno. Kwa hiyo Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha bawabu: "upesi", "bado", "taa", "nyoka hakuna". Hilo la nyoka hakuna alilitamka kwa lafudhi safi kabisa, utadhani mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale.

Makuli aliwasikia. Alisema usiku upepo ukivuma kutoka bandarini zilikuja nyimbo za kazi, mmoja anaanza wengine wanaitikia, na kuna msichana alilalamika zinamvuruga. Mkubwa wa zamu akamjibu kama zile zinakuvuruga Mjapani utamsikiaje. MwanaMajengo, huenda babu yako alikuwa mle ndani ya nyimbo. Mgomo wa 1947 haukumkuta, alikuwa ameshaondoka.

Na asidhani mtu kwamba Mombasa ilikuwa mapumziko. Mei 30, 1942, wiki chache tu baada ya wafumbuaji kushuka, nyambizi ndogo za Wajapani ziliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaipiga topido manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Juni na Julai mlango bahari wa Msumbiji ukawa machinjioni, meli za mizigo zinazama moja baada ya nyingine. Kisiwani kwetu taa zinazimwa, kila mtu anatazama mlango wa Kilindini.

---

AfandeMstaafu

Nimesoma kimya kimya lakini hapa nimeguswa. Mimi ni mama mstaafu wa jeshi la Kenya, niliingia kupitia Women Service Corps, kikosi cha wanawake kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilikuwa upande wa mawasiliano. Hiyo ya "ukikosa acha nafasi, usibahatishe" nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mwalimu wangu wa signo, karibu maneno yaleyale. Kikosi chetu kilivunjwa 1999 wanawake wakaingizwa kwenye vikosi vya kawaida. 2018 Fatuma Ahmed akawa mwanamke wa kwanza kuwa Meja Jenerali, na 2024 akapewa kuongoza Jeshi la Anga. Sisi wazee tulipiga vigelegele kwenye grupu hadi simu ikaisha chaji.

Swali langu dada: wenzake wa Bibi walikwenda baharini lini?

---

BintiTononoka

Shikamoo mama. Asante kwa kuja.

Meli za vita walipanda 1990. Manowari Brilliant ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuchukua wanawake kama mabaharia kamili, na 1993 tawi lao la wanawake likafutwa, wote wakawa jeshi moja. Nilidhani atafurahi. Alifurahi, lakini alikasirika pia, kwa maneno haya: "Walisema bahari si mahali petu. Wenzangu walikufa wapi?"

Hapo ndipo nilipopata hadithi aliyokuwa akiizunguka muda wote. Sehemu ya tatu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Agosti na Septemba 1943 hali ilikuwa imegeuka, wafumbuaji na wasikilizaji wakarudishwa Colombo ambako sauti zinashikika vizuri. Bibi alikwenda nao. Mombasa walibaki Wrens wengine, wa kambi ya HMS Tana, makarani na wapiga simu, na kati yao walikuwamo rafiki zake. Wakaandikiana barua. Mwanzoni mwa 1944 barua ikamfika kwamba baadhi yao wamepangiwa Ceylon, wawatafutie vitanda vilivyo karibu na dirisha.

Mapema Februari 1944 meli tano za abiria zikatoka Kilindini kwenda Colombo. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani walikuwamo watu 1,511. Wengi kuliko wote walikuwa wetu: Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu elfu moja pamoja na maofisa wao, wakienda kuungana na Divisheni ya 11 iliyokuwa ikijiandaa kwa vita vya Burma. Kulikuwa na mabaharia, manesi zaidi ya hamsini, na Wrens 19.

Jumamosi Februari 12, mchana, karibu na Maldivi. Abiria wengi walikuwa chini, sebuleni, kwenye tamasha la muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua topido, mbili zikapata. Meli ilizama ndani ya kama dakika mbili. Waliokuwa chini walizama nayo.

Kilichofuata Bibi alikisimulia akitazama ukuta. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa pale, na kulikuwa na meli nne nyingine zimejaa watu. Paladin ikaanza kuokoa. Nahodha wa Petard akaamua. Akapita na kuangusha mapipa ya baruti yanayolipukia chini ya maji, watu wakiwa hai majini. Nyambizi ikalazimika kuibuka, wakapigana, Paladin ikajaribu kuigonga ikachanika ubavu, mwishowe topido ya saba ya Petard ikaimaliza.

Walikufa watu 1,297. Wanawake 77. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Colombo hawakutangaziwa. Bibi alijua kwa sababu vitanda vilibaki vimetandikwa, na siku ya tatu mkubwa akaja akavua shuka yeye mwenyewe bila kumtuma mtu. Hakuna aliyeuliza. Jioni akaingia zamu kama kawaida.

Nilimwuliza, mapipa yale, nahodha alifanya sawa? Akasema amebadilisha jibu mara nyingi katika maisha yake. Siku ile jibu lake lilikuwa ndiyo.

Nami niliondoka nyumba ile nikifikiri zaidi wale elfu moja. Yeye alijua majina ya wenzake. Wa kwetu walitoka Kilindini, bandari ninayoiona nikiwa Likoni feri, na sikuwahi kusikia mtu yeyote akiitaja meli hiyo, si shuleni, si msikitini, si kwa wazee.

---

Mchokozi

Chai nimemwaga yote. Sina la kusema.

---

MjukuuWaMzinga

Dada nimesoma nikasimama. Mimi kwetu Ukambani. Baba yake baba yangu alichukuliwa jeshi la mizinga, akaondoka nyuma ameacha mke na mtoto mmoja, ndiye baba. Nyumbani tuliambiwa kafia Burma. Lakini nyanya, mpaka anazeeka, alikuwa akisema "mume wangu alikunywa maji", na sisi tukidhani ni uzee. Alisema karatasi ililetwa na chifu, ikasomwa, ikapotea. Je kuna namna ya kujua kama alikuwa kwenye hiyo meli?

---

NahodhaPemba

Mungu wangu.

---

AfandeMstaafu

Mwanangu, kuna neno lolote la kikosi lililobaki? Namba? Barua? Medali? Hata picha yenye beji ya kofia inasaidia.

---

MjukuuWaMzinga

Shikamoo mama. Hakuna medali. Kuna picha moja, amesimama na wenzake wawili, kofia haionekani vizuri. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli "301" na neno jingine limefutika. Mimi siku zote nilidhani ni namba ya picha ya studio.

---

BintiTononoka

Kaka yangu, usikimbilie kusema ndiyo, lakini hiyo 301 usiiache ipite.

Fanya hivi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina tovuti ya bure ya kutafuta majina. Usianze na jina, maana majina yetu waliyaandika walivyoyasikia, na Mkamba aliyeitwa hivi anaweza kuwa ameandikwa vile. Anza na tarehe: 12 Februari 1944. Kisha chagua jeshi, East African Artillery. Itakuletea orodha. Pitia mstari kwa mstari, soma kwa sauti, kwa sababu jicho litakudanganya lakini sikio litalitambua jina la kwenu. Tafuta na jina la baba yake, wakati mwingine ndilo waliloliweka mbele.

Walizama baharini kwa hiyo kaburi hakuna. Waliokufa kwenye Khedive Ismail kutoka vikosi vya Afrika Mashariki wanakumbukwa kwenye mnara wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Si lazima usafiri nje ya nchi. Ukifika mwambie mtunzaji unatafuta mnara huo, si makaburi ya kawaida.

---

AfandeMstaafu

Na hiyo picha usiifute wala usiilamineti. Ipige kwa simu kwenye mwanga wa dirishani, mbele na nyuma, uiweke hapa ukipenda. Kuna watu humu wanazijua beji. Penseli iliyofutika wakati mwingine inasomeka ukiimulika kwa pembeni.

---

MjukuuWaMzinga

Nimeanza na tarehe kama ulivyosema dada. Orodha ni ndefu, inakwenda kurasa na kurasa. Majina ya Kikamba yapo mengi, mengine yameandikwa vibaya kweli lakini yanasikika. Baba ana miaka themanini na mbili, yuko shamba, mtandao hakuna. Nitazichapa karatasi zote Jumamosi nimpelekee asome mwenyewe. Yeye ndiye anayejua majina ya rika lile. Picha nitaiweka nikirudi, iko kwake.

---

MwanaMajengo

Uzi huu mods waubandike juu. Na dada, kama kuna mtu ana namba ya mwalimu yeyote wa Allidina anitumie inbox. Nataka kujua kama wanafunzi wa pale wanaambiwa.